Mpagazi Hana Sanamu

Panda daladala linalopita Barabara ya Bagamoyo, mwambie konda akushushe Makumbusho. Atakushusha Kijitonyama, stendi, kwenye msongamano wa magari ya Mbagala na Gongo la Mboto. Kijiji cha Makumbusho kilichojengwa pale miaka ya 1960, na nyumba zake za udongo, za nyasi na za tembe, kimelipa jina eneo zima. Makumbusho ya Taifa yenyewe, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1940 katika Mtaa wa Shaaban Robert, Kivukoni, hayajakipa jina hata kituo kimoja cha basi. Anayeyatafuta huelekezwa kwa majirani zake: ukifika IFM, ukiiona bustani ya mimea, uliza hapohapo.

Jambo hili lilinikaa moyoni baada ya kusoma habari za makumbusho ya kaunti za Marekani vijijini. Huko, kaunti yenye watu wachache kuliko wanaoshuka Kariakoo asubuhi moja huwa na nyumba yake ya kumbukumbu. Mara ni mahakama ya zamani, mara stesheni ambayo treni hazisimami tena, mara shule ya chumba kimoja. Wanaoitunza aghalabu ni walimu wastaafu wanaojitolea. Ndani mna jembe la kukokotwa na farasi, cherehani, picha ya bendi ya mji, na kila kitu kina kadi ndogo inayotaja familia iliyokitoa. Taifa lao lina makumbusho makubwa kule Washington, lakini watu wa kaunti walitaka pia mahali ambapo mtoto ataingia akute jina la babu yake ukutani. Mapengo hayakosekani: wenyeji wa asili walionyang'anywa ardhi ile mara nyingi wameachiwa kona moja na maneno machache. Hata hivyo mlango upo, na mwenye ufunguo anajulikana.

Nikajiuliza, mlango wetu uko wapi? Jumamosi iliyofuata nikaamua kutembea kwa miguu kutoka Feri hadi Kariakoo, kama kilometa tatu hivi, nikiutafuta.

Saa moja asubuhi pantoni ilikuwa inawamwaga watu wa Kigamboni, na sokoni mnada wa samaki umepamba moto. Hapa ndipo jina la Kivukoni lilipotoka, na hapa historia ya mji iko chini ya unyayo. Kabla ya Dar es Salaam palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya ufuko, upande wa ilipo leo hospitali ya Ocean Road. Wakazi wake walikuwa Washomvi na Wazaramo, wakiishi chini ya majumbe wao. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliupenda mlango huu wa bahari, mwembamba, unaoingia kwenye bandari iliyotulia kama birika, akaamua kujenga mji. Septemba 1867 aliwaandalia karamu makonseli wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani ili wauone mji ukichipuka. Mawe ya matumbawe yalichongwa, chokaa ikachomwa, minazi ikapandwa. Sehemu kubwa ya jasho lililomwagika pale lilikuwa la watumwa, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye kuta walizozijenga.

Majid alifariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuwa na haja na mji huu. Macho yake yalikuwa Unguja. Majumba yakaanza kubomoka, magugu yakaingia barazani. Miaka 17 ilipita hivyo, mpaka Wajerumani walipokuja na kampuni yao mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo. Yaliyofuata tunayaona kila siku bila kuyatazama: hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897, makanisa mawili yanayoangalia bandari, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914.

Kutoka enzi ya Majid yamebaki majengo mawili mbele ya bandari ambayo kila abiria wa boti za Zanzibar huyapita. Moja ni Nyumba ya Atiman, ambayo baadaye ilichukuliwa na mapadri wa White Fathers. Jina hilo ni la Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea uganga Malta, kisha akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya nusu karne. La pili ni Boma la Kale, lililojengwa kuwahifadhi wageni wa sultani. Kuta zake nene za matumbawe na mlango wake wa nakshi vimewazidi umri watawala wote waliowahi kulala humo. Sasa ndani yake mna kituo cha urithi wa usanifu, na maonyesho yanayosimulia jinsi mji huu ulivyojengwa. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Katika safari yangu yote, hapo ndipo nilipokaribia zaidi nilichokuwa nakitafuta: mji unaojisimulia wenyewe, ndani ya nyumba yake yenyewe. Lakini Boma linasimulia majengo. Mimi nilikuwa natafuta watu.

Nikapanda kuelekea Makumbusho ya Taifa. Gavana Harold MacMichael aliyaasisi mwaka 1934, na yalipofunguliwa yaliitwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Nayapenda makumbusho haya, na nasikitika kila ninapokutana na mtu aliyezaliwa mjini hapa ambaye hajawahi kuingia tangu alipopelekwa na shule. Humo ndimo lilimo fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Fuvu hilo lilikaa Kenya mpaka mwaka 1965 ndipo likaja kuwekwa hapa. Humo mna vitu vya Kilwa, habari za ukoloni na za uhuru, na magari ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce lililowabeba magavana wa Kiingereza kisha likambeba Mwalimu Nyerere. Nje, bustanini, ipo kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Watu 11 walipoteza maisha hapa jijini asubuhi ile. Nilisimama pale kidogo kimya, na ilinigusa kwamba katika makumbusho yote haya, hiyo ni kumbukumbu ya watu waliokwenda kazini siku ya kawaida tu.

Makumbusho ya Taifa yana kazi ya taifa: Olduvai, Kilwa, Songea, Butiama. Siwalaumu wanaoyaendesha kwa kutoitengea nafasi barabara iliyo nje ya geti lao. Ila mtu wa Kivukoni au wa Kariakoo akiingia humo, anajikuta mgeni mtaani kwake. Atatoka akijua binadamu wa kale alikula nini, asijue shamba la minazi lililokuwa chini ya duka lake lilikuwa la nani.

Kutoka pale hadi Sanamu ya Askari si mbali. Unaifuata Samora tu. Barabara hiyo Waingereza waliiita Acacia Avenue, na baada ya uhuru ikaitwa Independence, kabla ya kupewa jina la Samora Machel. Karibu kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kumwambia mtu tukutane pale Askari. Wangapi wamewahi kusimama wakasoma kilichoandikwa chini yake?

Mahali pale palikuwa na sanamu nyingine kwanza. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, aliyeuzima kwa mtutu upinzani wa watu wa pwani wakati wa vita vya Abushiri. Miguuni pake walimweka askari Mwafrika wa shaba, ameinua uso akimtazama bwana wake. Waingereza walipoutwaa mji, Septemba 1916, waliiondoa. Ikavuka bahari, ikaishia Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu, na miaka ya 1967 na 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Nafasi yake hapa ikachukuliwa mwaka 1927 na askari tunayemjua, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson: amesimama peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini.

Maandishi ya chini yake, ya Kiswahili na Kiingereza, na mengine kwa herufi za Kiarabu, hayamtaji askari peke yake. Yanawataja pia wapagazi, wale waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Nikayasoma, nikainua macho, nikazunguka sanamu yote. Sanamu ya mpagazi haipo. Kule Nairobi, mchongaji huyohuyo alipotengeneza kumbukumbu ya vita ileile, alimweka mpagazi pamoja na askari, ana umbo na uso wake. Mpagazi wetu hakupewa sanamu.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndilo hasa jambo lililonitoa nyumbani. Vita ile ya 1914 hadi 1918 katika nchi yetu haikupiganwa kwa malori wala kwa farasi. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara hazikuwepo, reli zilikuwa chache. Kila risasi, kila gunia la unga, kila hema la afisa lilikwenda kichwani mwa mtu. Waingereza peke yao waliwaandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na Wajerumani nao walifanya hivyohivyo upande wao. Waliokufa ni makumi ya maelfu. Wachache walikufa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu, njiani, katika nchi za watu wasiojua lugha zao. Maofisa waliweka hesabu za masanduku kwa uangalifu kuliko hesabu za vichwa vilivyoyabeba.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Hapa Dar es Salaam kambi yao iliwekwa magharibi ya mji, ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamepatenga kuwa makazi ya Waafrika. Midomo yetu ililichukua jina lile gumu, ikalilainisha, likawa Kariakoo. Nairobi wakasema Kariokor. Soko kubwa kuliko yote nchini, mtaa ambao mfanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka na Moroni anautaja kama mtu anavyotaja jina la nduguye, umebeba jina la wapagazi wa vita. Kila siku tunalitamka, na asiyejua asili yake hawezi kulisikia ndani yake.

Nikavuka Mnazi Mmoja. Katika uwazi huu watu hupumzika vivulini wakidhani ni zawadi ya mji kwa wakazi wake. Uliachwa wazi makusudi, kuwatenga watu. Upande wa bahari palikuwa Uzunguni, katikati Uhindini, na ng'ambo ya uwazi ndiko kulikokuwa kwetu. Sheria za ujenzi zilihakikisha nyumba ya udongo na makuti haisogei mashariki.

Lakini ukitaka kujua nchi hii ilizaliwa wapi, ni huku ng'ambo. Mtaa wa Lumumba, ulioitwa New Street zamani, palikuwa na nyumba ya African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929. Hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Dar es Salaam Jazz ilikuwa ikipuliza tarumbeta katika mji huu tangu mwaka 1932. Yanga ikaanzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaja timu ambayo leo ni Simba. Vyama vya lelemama na taarabu ambavyo akina mama walijifunzia kuitisha mikutano, kukusanya michango na kutunza siri, vilistawi kwenye nyua za mitaa hii. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaita wanawake waingie TANU mwaka 1955, aliwapata haraka kwa sababu tayari walikuwa na uongozi wao, sare zao na njia zao za kupashana habari usiku mmoja. Habari za namna hii hazikai vizuri kwenye kabati la kioo cha taifa. Zinataka chumba kidogo, mtaani kwake, na mtu wa kuzisimulia anayejua nyumba ya nani ilikuwa wapi.

Soko lenyewe nililizunguka mara mbili. La kwanza lilikuwa jengo la chuma la Wajerumani, wapagazi wakalala humo wakati wa vita, na mwaka 1923 likaanza kutumika kama soko. Likavunjwa, na mahali pake pakainuka kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo wa kwanza Mwafrika katika Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Nguzo zake zinapanuka juu kama miavuli iliyopinduliwa, zikiyanasa maji ya mvua na kuyashusha kwenye tangi chini ya ardhi, na kuna soko zima shimoni ambako ukishuka unapokewa na baridi na harufu ya ndizi mbivu. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 ulilijeruhi vibaya. Nilipoona usiku ule picha za moshi zikitoka kwenye ile miavuli, nililia kama mtu aliyefiwa, na nilishangaa mwenyewe, kwani sina kizimba humo wala sijawahi kuwa nacho.

Sababu naijua sasa. Bibi yangu mzaa mama aliishi Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele alipokuwa akikaa jioni na kuwajua wapita njia kwa mwendo wao. Baba yake alikuwa mpagazi wa vita. Alirudi akiwa na kovu begani na hakupenda kulizungumzia. Hilo ndilo peke yake lililotufikia. Hatuna picha yake, hatujui alitembea hadi wapi, hatujui aliandikishwa kijiji gani. Bibi alipofariki, wajukuu tulikubaliana kuuza kiwanja. Bei ilikuwa nzuri, na kila mtu alikuwa na shida zake. Siku ya kuhamisha vitu tulichukua kitanda cha samadari na kabati la vioo, tukaacha vilivyobaki. Mkeka wa ukindu, pishi ya mti, taa ya kandili, makaratasi kwenye sanduku la bati: vyote vilikwenda na kifusi. Sasa pamesimama ghorofa ya maduka ya vitenge na mabegi. Sina wa kumlaumu ila sisi wenyewe, nami nikiwa wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua.

Nyumba ngapi zimekwenda hivyo tangu miaka ya 1990? Tembea Narung'ombe, tembea Mchikichi, tembea Swahili, utahesabu zilizobaki kwa vidole. Sidai zingebakizwa zote. Watu wanahitaji maduka, na mwenye kiwanja ana haki ya kula jasho la wazee wake. Sheria ya mambo ya kale tunayo tangu mwaka 1964, lakini haikuliokoa sanduku la bati la bibi wa Kariakoo.

Nasema hivi kwa dhati: Kariakoo inastahili chumba. Hakihitaji kuwa kikubwa. Chumba kimoja ndani ya soko lenyewe, au kwenye ofisi ya kata, au nyumba moja ya vyumba sita iliyonunuliwa kabla haijavunjwa, ikaachwa na baraza lake. Ukutani iwekwe ramani ya mitaa na majina yake ya zamani. Awepo mzee mmoja au wawili kila Jumamosi, na kijana wa kuwarekodi. Waliozaliwa miaka ya 1930 wangalipo wachache; waliosikia habari za upagazi kwa vinywa vya baba zao ni wachache zaidi. Wafanyabiashara wa Kariakoo huchangishana harusi na misiba kwa siku moja. Fedha ya chumba haiwezi kuwashinda. Na Makumbusho ya Taifa yanao wataalamu, hapohapo mwendo wa nusu saa kwa miguu, wanaojua kuhifadhi karatasi isiliwe na mchwa.

Adhuhuri ilipokaribia nilikuwa Mtaa wa Kongo, nimebanwa ukutani kumpisha kuli mwenye robota la mitumba kichwani. Shingo yake ilikuwa imekaza, jasho linamtiririka machoni na mikono yote miwili imeshika mzigo, hawezi kulifuta. Akapita akipiga kelele watu wampishe. Nyuma yake wakafuata wengine wawili.

Nyumbani kwangu kuna kitu kimoja tu kilichopona kutoka Mtaa wa Sikukuu, na kilipona kwa sababu mama alikuwa amekiazima wiki ile: mbuzi ya kukunia nazi, kibao chake kimechakaa katikati kwa miaka ya kukaliwa. Jioni ile nilikitoa jikoni, nikakifuta, nikakiweka kwenye rafu ya vitabu sebuleni. Nikakata kipande cha karatasi ngumu, nikaandika kwa kalamu ya wino jina la bibi, mtaa, namba ya nyumba kama mama anavyoikumbuka, na chini yake jina la baba yake. Baada ya jina hilo niliandika neno moja, mpagazi, kisha nikaacha nafasi.